Lemayian Alipokataa Kuitwa Mtoto

Walisema sitaweza. Hilo naliweka mbele kabisa, maana waliosema bado wako hai na wengine watasoma hapa. Walisema Kinuthia wa Kitengela hatapata viza, nikapata. Walisema nikifika Amerika nitaosha wazee wa watu mpaka nizeeke mwenyewe. Niliwaosha, ndiyo, lakini sikuzeekea huko. Walisema mtu aliyeanguka hesabu vile hawezi kurudi na cheti chochote. Nilirudi na diploma ya kazi za jamii. Iko kwenye fremu, iko ukutani sebuleni, na mgeni akikaa kwenye kiti nilichokiweka makusudi, hana pengine pa kutazama.

Nilipoajiriwa kuwa afisa wa probesheni hapa Kajiado, Mzee Gitau, mwenye duka la simiti na mabati pale Kitengela, alicheka mpaka akashika kaunta. "Diploma," aliniambia, na jina hilo likanishika hadi leo, "vijana wa huku watakumaliza. Hutavuka msimu mmoja wa mvua."

Nimevuka misimu mingi sana, mzee. Sasa nimestaafu na ninafuga kuku, na kuku wangu ni wa kutolewa mfano. Lakini hayo si ya leo. Leo nasema na nyinyi vijana mnaoanza kazi hii niliyoiacha, kazi ya kuieleza mahakama mtu ni nani kabla mahakama haijaamua afanywe nini. Mnaingia na kompyuta ndogo na viatu vizuri. Sawa. Ila kuna mambo ambayo hayamo kwenye kompyuta.

Jambo moja: kijana akiwa amekamatwa, usimuulize "kwa nini". Hajui kwa nini. Hata ninyi mlipokuwa na miaka kumi na tano hamkujua kwa nini mlirukia ule ukuta mkavunja mkono. Muulize "ilikuwaje". Ilikuwaje ina mwanzo na ina mwisho, na kijana anapenda hadithi ambayo yeye yumo. Jambo lingine: kaa chini kuliko yeye. Mimi nilikuwa nakalia ndoo iliyopinduliwa. Na ubebe mandazi. Kijana mwenye njaa hukiri hata asiyoyafanya.

Hayo ya ndoo na mandazi sikuyasoma popote. Nilifundishwa na mama mmoja Mwamerika mweusi, Bi Odessa, mkubwa wangu katika kituo cha kuzuilia vijana kule nilikofanya kazi baada ya kuacha kuosha wazee. Alikuwa mfupi, mnene, na vijana wenye urefu wa mlango walimwogopa kama radi. Wiki yangu ya kwanza aliniweka kwenye dirisha la mapokezi akaniambia nitazame tu, nisiseme kitu. Wakaletwa wavulana wawili, kila mmoja kwa kosa lake, na makosa yenyewe yalifanana kama ndugu: kuingia kwenye gari lisilo lao na kuliendesha mpaka likagonga kitu. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na minne. Yule mzungu, askari aliyemleta alimwambia, "Mtoto, umemtia mama yako aibu." Yule mweusi, askari huyohuyo alisema, "Huyu mwanaume mwangalieni vizuri."

Bi Odessa akanigeukia. "Umeona?"

"Nimeona wavulana wawili."

"Umeona mvulana mmoja na mwanaume mmoja, na hakuna aliyetaka cheti cha kuzaliwa. Watoto wetu huongezewa miaka, Kinuthia. Hawaombi. Wanapewa bure."

Nilicheka kidogo, nikidhani ni utani. Hakucheka. Aliniambia kazi yetu yote katika jengo lile ni kurudisha miaka waliyoongezewa watoto wa watu, mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani na maneno hayo pamoja na diploma, na kwa muda mrefu nilifikiri maneno ni ya Amerika tu. Hapa, nilijiambia, sote ni weusi. Nani atamwongezea nani?

Sasa nawaeleza habari ya Lemayian.

Lemayian alikuwa kijana wa Mashuuru, mrefu kama nguzo ya stima. Rafiki yake alikuwa Brayan, mtoto wa Mzee Gitau yuleyule wa simiti. Gitau ana shamba kule Mashuuru, na familia ya Lemayian ndiyo inayomtunzia, kwa hiyo vijana hao wawili walijuana tangu wakiwa wanakojoa kwenye njia. Siku moja Lemayian alikuja Kitengela kumtembelea binamu yake anayelinda ploti. Alikuwa ametahiriwa miezi michache nyuma, kwa hiyo alivaa shuka nyeusi, kama wanavyovaa vijana wa Kimaasai wakishapona kidonda. Brayan alivaa jezi ya timu ya Ulaya. Wakamkuta Mutua wa boda boda anakunywa chai, ameacha ufunguo kwenye pikipiki. Brayan akawasha, Lemayian akapanda nyuma, wakazunguka mtaa mara mbili kwa shangwe, na mara ya tatu pikipiki ikaingia kwenye timbo la mawe lililojaa maji. Wao waliogelea. Pikipiki haikujua kuogelea.

Wote wawili walipelekwa kituoni. Kufika saa kumi, Mzee Gitau alikuwa ameshakuja na kumchukua wake. "Watoto ni watoto," alimwambia askari wa zamu, na askari akakubali kwamba watoto ni watoto. Lemayian hakuwa na wa kumchukua; binamu hakuweza kuacha ploti. Askari alimtazama urefu, akatazama shuka nyeusi, akauliza, "Umetahiriwa?" Kijana akajibu kwa sauti ya juu, "Ndiyo!" Askari akaandika miaka kumi na minane. Wizi wa pikipiki. Mtu mzima.

Niliposikia, nilihisi Bi Odessa amenipiga kofi kutoka ng'ambo.

Nilimkuta Lemayian mahabusu ya mahakama, Kajiado mjini, asubuhi ya siku ya kusomewa mashtaka. Nilipindua ndoo yangu, nikatoa mandazi, nikamsalimu kwa Kimaasai changu kibovu.

"Supa."

"Ipa," akajibu. Mandazi hakugusa.

"Kijana wangu, nimekuja kukusaidia. Kuna makosa hapa. Wewe bado ni mtoto."

Jamani. Macho aliyonitolea! Alisimama, na kwa kuwa mimi nilikuwa juu ya ndoo, alionekana kama mnara wa simu.

"Nani mtoto? Mimi nilisimama mbele ya kisu sikupepesa jicho. Baba yangu aliona. Wewe mzee unaniita mtoto mbele ya hawa watu?"

"Ukisema wewe ni mtu mzima utapelekwa rumande ya watu wazima. Jela, Lemayian. Na watu ambao wameua."

"Nitaenda. Mwanaume haogopi kwenda."

Mnaona shida? Nilikuwa nimejiandaa kupigana na askari, na hakimu, na sheria yenyewe. Sikujiandaa kupigana na mteja wangu. Askari alikuwa amemwongezea miaka, na yeye mwenyewe alikuwa ameipokea kwa mikono miwili, akaikumbatia, akawa hataki kuirudisha.

Mbele ya hakimu ikawa hivyohivyo. Hakimu wetu alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani mikubwa. Nikamwambia, "Mheshimiwa, naamini huyu ni chini ya miaka kumi na minane. Naomba daktari wa meno amwangalie, umri ujulikane." Kabla hajajibu, Lemayian alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mimi ni mwanaume. Sifungui mdomo kwa mtu." Na akaufunga kweli. Aliuma meno mpaka taya zikatoka mishipa.

Hakimu akanitazama juu ya miwani. "Bwana Kinuthia, siwezi kumfungua mdomo kwa amri. Mama yake yuko?"

"Yuko Mashuuru, Mheshimiwa."

"Nakukopesha siku moja. Kesho asubuhi nataka nijue huyu ni nani. La sivyo, kilichoandikwa ndicho nitakachofuata."

Siku moja, na Mashuuru si hapo. Gari langu lilikuwa kwa fundi, mahali lilipopenda kuishi. Nilienda kwa mtu mmoja tu niliyejua ana pikapu na ana deni la utu katika jambo hili.

"Diploma," alisema Mzee Gitau, "ati nikupe gari ukamlete mama wa mwizi?"

"Mwizi na nani? Pikipiki iliwashwa na nani?"

"Brayan ni mtoto! Yuko fomu ya pili!"

"Ndiyo, mzee. Na yule pia ni mtoto. Umemjua tangu anabebwa mgongoni. Brayan wako na yeye, nani mkubwa?"

Gitau akashika kalamu, akaiweka, akashika rula. Nyuma ya magunia ya simiti Brayan alikuwa amesimama anasikiliza.

"Brayan ndio mkubwa," Gitau alisema mwishowe, kama mtu anayetoa jino. "Kwa miezi kadhaa. Mke wangu alimpelekea mamake nguo za Brayan zilizokuwa zimembana."

"Basi nikopeshe pikapu."

"Ukiikwaruza, Kinuthia."

"Nilikuwa naendesha kwenye theluji, mzee."

"Hapa hakuna theluji. Kuna punda."

Brayan aliruka nyuma ya pikapu bila kuulizwa. "Naenda pia," alisema. "Si ati nikae hapa nikiuza misumari na Lema ako ndani." Babake akanirushia ufunguo.

Kabla sijatoka Kitengela nilipitia kwa Mutua. Alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya stendi ya boda boda, hana pikipiki, anawatazama wenzake wakibeba abiria wake. Nilimwomba asisukume kesi mpaka nirudi. "Nikopeshe subira," nilimwambia. Akamtazama Brayan, akanitazama mimi. "Subira ndio imebaki, mzee. Chukua. Lakini hiyo nataka irudi."

Sasa, vijana, sikilizeni kosa hili, kwa sababu mtalifanya. Nilipofika bomani Mashuuru wanaume walikusanyika, na mimi nikaona hadhira. Mtu mwenye diploma akiona hadhira ni kama mbuzi akiona mahindi. Nikaanza kuwafundisha habari za ubongo. Nikawaambia wataalamu wamegundua kwamba ubongo wa kijana hauivi mapema, kwamba sehemu ya mbele, ile ya breki, huchelewa kukomaa, hata mpaka miaka ishirini na kitu. Nikachora ubongo kwenye mchanga kwa fimbo. Ulitoka kama kiazi.

Nyuma walikuwa wamesimama wamorani watatu, vijana waliokwisha kuwa mashujaa, wa miaka ishirini na moja, ishirini na mbili. Mmoja akauliza polepole, "Mzee, unasema sisi hatuna akili?"

"Hapana, hapana. Nasema breki zenu..."

"Ati breki!"

"Kwani sisi ni lori?" mwingine akasema, na boma zima likacheka isipokuwa hao watatu. Brayan alikuwa amejificha nyuma ya gurudumu la pikapu. Nilifikiria kumfuata.

Aliyeniokoa ni mama yake Lemayian. Alipita katikati ya wanaume akiwa na kibuyu cha maziwa, akakanyaga ubongo wangu wa mchanga bila kuuona, akasema, "Mwanangu yuko wapi?"

Nikamweleza. Nikamwambia kijana wake anasema yeye ni mwanaume, hafungui mdomo, na kesho atapelekwa jela ya watu wazima.

"Nani amesema ni mwanaume?"

"Yeye mwenyewe, mama."

Alinipa kibuyu nishike, akachukua shuka yake, akapanda mbele ya pikapu. Njia nzima mpaka Kajiado alikaza macho barabarani. Nilimhurumia Lemayian kidogo.

Asubuhi hakimu aliketi. Lemayian alisimama kizimbani na shuka yake nyeusi, nywele zimeota hazijaguswa, taya zimefungwa. Nikaomba mama aruhusiwe kusema. Hakimu akakubali.

Mama hakumtazama hakimu. Alimtazama kijana wake, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie.

"Wewe. Nani amekunyoa?"

Kijana akageuza uso.

"Nimeuliza. Hizo nywele, ni nani amezinyoa?"

"Hakuna, yeyo." Yeyo ni mama kwa lugha yao, na ilitoka kwa sauti ndogo kuliko yote niliyoisikia kwake.

"Na hiyo shuka nyeusi, nani atakuvua?"

"Wewe."

"Mimi nimekuvua?"

"Bado."

"Basi umepata wapi huu uanaume unaotangazia watu wa korti? Umeununua Kitengela?"

Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa nguvu ili asicheke. Lemayian aliangalia vidole vya miguu. Hakimu akavua miwani.

"Mama, nieleze. Ametahiriwa, na bado si mwanaume?"

"Mheshimiwa, hawa wa shuka nyeusi wanaitwa isipolio. Si kijana mdogo wa kuchunga ndama. Hapana, hiyo imeisha, na akiambiwa ni mtoto wa ndama atakasirika na ako na haki. Lakini si mwanaume pia, mpaka siku nimnyoe. Huyu ni mtu amebisha mlango wa wanaume. Hajaambiwa karibu."

Hakimu alivaa tena miwani. Kisha akamgeukia Lemayian, na nawaambieni hapa mjifunze jinsi hakimu mzuri anavyosema na kijana. Hakumwita mtoto. Alisema, "Lemayian, sheria yangu haijui wembe wa mama yako. Inajua miaka tu. Lakini na yenyewe ina mtu aliyesimama mlangoni, na mtu huyo haimweki pamoja na walioko ndani. Hakuna anayekutoa pale ulipofika. Nataka tu kujua umefika wapi. Utamfungulia daktari mdomo?"

Alimtazama mama yake. Mama akainua kidevu kidogo.

"Nitafungua," alisema.

Mimi hapo ndipo nilipoelewa. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia vijana wao ni nani. Wengine wanawaongezea, mimi nawapunguzia, na kijana katikati hakuulizwa. Kuna neno la pale katikati, na watu hawa walikuwa nalo kabla wataalamu hawajaugundua ubongo. Bila shaka ningeligundua mwenyewe, ila kwa kuchelewa.

Daktari wa meno alisema kumi na tano, labda na kitu kidogo juu. Lakini kabla kesi haijahamishiwa kwenye korti ya watoto nilisimama tena. "Mheshimiwa, kuna mwingine." Na Brayan, ambaye nilidhani atakimbia, akasimama peke yake kwenye benchi la nyuma. "Mimi ndio niliwasha," alisema. "Yeye alipanda tu. Na timbo, mimi ndio sikuona." Mzee Gitau alikuwa karibu na mlango, sikujua amekuja. Alifunika uso kwa kofia. Lakini hakumzuia.

Maana haki, vijana wangu, haikuwa kumtoa Lemayian ili wote wawili wakae bila jibu. Haki ilikuwa wasimame pamoja kama walivyopanda pamoja, wenye miaka yao wenyewe, mbele ya Mutua. Mutua aliulizwa anataka nini. Alisema anataka pikipiki itoke majini ikiwa inaunguruma. Korti ya watoto ikakubali wasishtakiwe, mradi waifanye hivyo, chini ya macho yangu. Miezi mingi nilikaa kwenye ndoo yangu karakana moja ya Kitengela, nikiwatazama wakiifungua injini, wakiisafisha matope, wakiifunga vibaya, wakiifungua tena. Fundi aliwatukana kwa lugha nne. Mandazi yaliliwa mengi.

Siku ilipounguruma, hawakumpelekea Mutua. Lemayian alisema ingoje.

Ilingoja mpaka siku ya kunyolewa. Ndiyo siku niliyolipa wote walionikopesha, na nataka iandikwe hivyo. Tulifika Mashuuru kwa pikapu ya Mzee Gitau, niliyoikopa mara ya pili, pikipiki imefungwa nyuma kwa kamba. Ile pikapu nilimrudishia Gitau pale bomani, haina mkwaruzo hata mmoja isipokuwa ule wa punda, ambao tulikubaliana ulikuwepo zamani. Mutua alialikwa kama mgeni wa heshima. Lemayian, aliyekuwa amekaa chini na maji na maziwa kichwani, alimwonyesha kwa kidole, Brayan akapiga kiki, ikaunguruma. Mutua alishika usukani. Alipanda, akaizungusha boma mara tatu, mbuzi wakatawanyika, akarudi akaizima. "Subira yako hii hapa, Mutua," nilimwambia. "Irudi nyumbani."

Hakimu hapokei zawadi, kwa hiyo siku yake moja nilikuwa nimeilipa kwa njia nyingine: nilimwandikia ripoti ya mwisho ya kesi hii kwa ukurasa mmoja. Aliyezoea ripoti zangu anajua hilo ni sawa na kumpa mtu fahali mzima.

Na Bi Odessa nilimpigia simu ya video. Kwake bado kulikuwa alfajiri, amefunga kitambaa kichwani. Nikaelekeza simu mbele ili aone mama akimnyoa mwanawe, wembe ukishuka taratibu, nywele zikianguka kwenye ngozi iliyotandikwa. Kichwa kilipobaki kitupu sote tulishangaa. Kilikuwa kidogo! Yule mnara wa simu wa mahabusu alikuwa na masikio mawili yaliyosimama na shingo kama ya kifaranga. Waliomwona mtu mzima kwa shuka tu wangemwona hapo! Bi Odessa alicheka mpaka simu ikatikisika, kisha akapangusa macho. "Umemrudishia," alisema. "Huyo mmoja umemrudishia, Kinuthia."

Mama alimvua shuka nyeusi, akampa nyekundu. Wanaume wakamwambia karibu. Wamorani wale watatu wakampa mkono, na mmoja akanitazama akasema, "Mzee wa breki, supa." Nikaitikia.

Mzee Gitau alikuwa wa mwisho kumsalimu. Alimshika bega, akamtazama juu chini, akatikisa kichwa kama mtu anayepima mbao.

"Sasa huyu," aliuliza, "ni wa miaka mingapi?"

Nilifungua mdomo kujibu. Ni mazoea ya kazi. Lemayian akanitangulia.

"Ile niko nayo, mzee," alisema. "Usiniongezee."